Mzee Rutaihwa na Asili ya Kinda

Mume wangu Ishengoma alinipigia simu kutoka Muleba. "Edvina, baba mdogo Rutaihwa yuko njiani anakuja hapo Kagondo. Mchinjie kuku." Akakata. Wanaume kwa kuagiza, hawajambo!

Kuku mwenyewe nilikuwa naye mmoja tu, na siku tatu zilizopita alikuwa ametotoa vifaranga tisa. Siku ishirini na moja nilizihesabu kama bibi anayesubiri mjukuu. Nikimchinja mama yao, mwewe angewamaliza wote kabla ya Jumapili. Lakini baba mkwe akiondoka bila kuonja kuku, ukoo mzima ungenisema mpaka Pasaka.

Mzee Rutaihwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi Bilele, alifika saa nne asubuhi. Nikapiga magoti kumwamkia, nikampa kahawa ya kutafuna. Nikamwona anachungulia uani, kuku alipokuwa na vifaranga wake. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Baba, hivi neno kinda maana yake nini hasa? Na lilitoka wapi?"

Akaacha kutafuna. "Waitu, mkamwana! Umeuliza!"

Jamani, mzee alianza. Kinda ni mtoto wa ndege ambaye bado analishwa kiotani. Kifaranga ni mtoto wa kuku, huyo hujidonolea mwenyewe mapema. Wachezaji chipukizi nao wakaja kuitwa makinda. Akapita Kihaya, akapita Kiarabu, akachora mishale mavumbini kwa fimbo yake. Kila alipopumua nilichomeka swali jingine. Niliuliza mpaka habari za bata.

Saa nane mchana akafika mwisho. "Kwa hiyo, mkamwana, asili ya neno kinda siijui."

Masaa manne mazima! Sikujua nicheke au nilie. Nikamwandalia ndizi kwa maharage, nikajitetea kwamba muda umetupita. Akala, akaomba aongezewe.

Nilipomsindikiza barabarani alisimama, macho yamemlowa.

"Kuku wako nilimwona tangu naingia. Mwenye vifaranga wachanga hachinjwi, hata mtoto anajua. Ungeniambia tu."

Nikaona haya. "Nisamehe, baba. Lakini mbona na wewe ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeacha kuuliza. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nistaafu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza neno."