Gesi Isiyoandikwa

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, Merrin Tolhurst alifungua kabati la maabara ya kiwanda kutafuta kikombe chake cha chai, akaisoma kwa mara ya kwanza ile karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango. Kwa miaka minne alikuwa ameifuata kila asubuhi kama mtu afuatavyo njia ya chooni kwake, bila kuitazama. Maabara hupima gesi kwa moli, kipimo kidogo cha wanakemia. Kiwanda huandika kwa kilomoli, yaani moli elfu moja, tena kwa saa. Karatasi ilisema: chukua moli za kila dakika, zidisha kwa 0.06, umepata kilomoli kwa saa. Hesabu safi kabisa. Ila mita ya kuhesabu kwa dakika iling'olewa miaka minne iliyopita. Iliyopo inahesabu kwa sekunde.

Asubuhi hiyo mita ilisoma 2. Kwa mujibu wa karatasi, bomba la juu lilikuwa likitoa kilomoli 0.12 za amonia kwa saa, na serikali inaruhusu 0.50. Kwa haki ya Mungu zilikuwa 7.20. Mara sitini. Upepo wa baharini huipuliza gesi ya bomba lile kuelekea Mtaa wa Mwari, na Mtaa wa Mwari ndiko anakoishi na baba yake.

Alipotoka kazini saa kumi, gesi ilikuwa imekwishakaa kiti cha nyuma cha gari lake. Ilikuwa ile ya ziada, isiyoandikwa. Haikuwa na nafasi kwenye fomu ya serikali, hivyo haikuwa na pa kukaa, na siku hiyo ilikuwa imemchagua yeye. Ilikuwa nyeupe, kimo cha mtu mzima, na macho ya Merrin yalichuruzika machozi kabla hajavuka geti. Akashusha vioo vyote. Haikutoka. Nyumbani ilipangusa miguu mlangoni, ikaingia.

Baba yake, mzee Des, alikuwa fundi wa mabomba pale kiwandani miaka thelathini na mmoja, na mapafu yake aliyaacha huko. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mrija wa oksijeni puani, mtungi ubavuni.

"Huyu namjua," alisema. "Ila amenenepa."

"Baba, usiongee. Pumua."

"Napumua, mwanangu. Siku hizi nina kazi gani nyingine?"

Gesi ikavuta kiti, ikaketi karibu naye. Tangu hapo hofu haikumtoka Merrin. Alihesabu pumzi za baba yake akiwa mlangoni, saa mkononi: ishirini na nne kwa dakika wakati wa chakula, ishirini na nane alipomaliza. Akahamishia kitanda cha mzee chumba cha mbele. Gesi ikamsaidia kushika upande wa miguuni, kisha ikabaki hukohuko.

Kesho yake alikwenda kwa jirani, Bi Coralie, kuomba siki, maana siki huipunguza amonia makali. Coralie alikuwa na bakuli la siki kwenye kila dirisha. Gesi ya kwao, alieleza, hulala chumba cha kufulia nguo tangu mwaka ule mita mpya ilipofungwa. Ya jirani zao, akina Haddrill, hukaa kwenye banda la gari, na mbwa wamekwishaizoea. Mtaani kila nyumba ilidhani ni yake peke yake, na nani atatangaza mgeni wa namna ile?

"Nyumba zetu zimejaa, mwenzangu," alisema akimjazia chupa. "Ilikuwa lazima ifike kwako."

Alhamisi Merrin aliipeleka hesabu kwa msimamizi, Garth Pellew. Garth si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Merrin woga zaidi. Des ndiye aliyemfundisha kazi, na kila Ijumaa Garth humpelekea mzee mtungi wa oksijeni kutoka stoo ya kiwanda, kwa gari lake mwenyewe. Ofisini pia ilikuwapo gesi moja, imesimama nyuma ya kiti chake. Aliisogeza kwa kiwiko ili afikie faili.

"Ni mara sitini, kweli," alisema akifuta macho. "Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Andika saba nukta mbili leo, kesho wanafunga geti. Halafu mtungi wa mzee niutoe wapi?"

"Hiyo gesi ndiyo inayomuua, Garth."

"Na mtungi ndio unaomweka hai. Wewe chagua. Mimi nilishindwa."

Ijumaa asubuhi aliandika 7.20 kwa penseli. Kupitia dirishani aliliona gari la Garth, mtungi umefungwa kamba nyuma. Pembeni ya fomu akaanza kuihesabu pumzi ya baba yake kwa vipimo vya kiwanda, apate walau kuiona mahali pamoja na gesi ile. Oksijeni lita mbili kwa dakika. Akazigeuza kuwa moli, kisha kilomoli kwa saa, akarudia hesabu mara mbili kwa kuwa hakuiamini. Ilikuwa 0.0049. Fomu hupokea tarakimu mbili tu baada ya nukta. Kwa kiwanda, baba yake alikuwa 0.00.

Akafuta 7.20. Akaandika 0.12 kwa wino, akatia saini.

Saa kumi na moja jioni Garth alifika na mtungi begani. Gesi ilimfungulia mlango, ikaushikilia mpaka alipopita, kisha ikarudi kwenye kiti chake kando ya mzee. Merrin alimwaga siki ya jana, akamimina mpya, akatazama saa yake na kuhesabu pumzi za baba yake. Thelathini na sita.