Nguzo Zilizogoma Kuwa Nyeusi

Fundi cherehani huyu mtaani walimwita Nipe Nikuonyeshe, na jina lilimkaa sawasawa kama suti aliyojishonea mwenyewe. Ukimwambia bomba linavuja, nipe nikuonyeshe. Ukimwambia redio inakoroma, nipe nikuonyeshe. Kwa hiyo aliponunua gari la otomatiki lililokuwa la kaka wa mkewe, mwoka mikate, na siku ya kubadili oili ya injini ikafika, hakuona sababu ya kusumbua gereji. Alitandika gunia, akajisukuma uvunguni na spana mkononi, akafungua nati ya kwanza aliyoiona.

Oili ikatoka, nyepesi na nyingi. Uvunguni kulikuwa na giza, naye alikuwa na haraka ya kutoka aonekane amemaliza. Aliikinga, akaimimina kwenye dumu jeusi, akaliweka stoo, maana oili chafu haitupwi. Hupakwa nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Kisha akafungua boneti, akaijaza injini oili mpya, akapiga honi mkewe atoke ampongeze.

Kesho yake gari lilitoka getini likifuka moshi, na kabla ya kufika barabara kubwa likagoma. Injini ilinguruma, gia iliingia, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Wakalisukuma kurudi nyumbani, yeye akishika usukani na kila mpita njia akimpa ushauri wake.

Mtu mwingine angejiuliza jana yake alifanya nini. Huyu alijiuliza nani kamuuzia. Jumapili, sebuleni kwa mama mkwe, chai ikiwa bado mezani na jamaa wote wameketi, akalitoa la moyoni.

"Shemeji, ulijua giaboksi imekufa. Ukaona bora umtwishe dada yako."

Mwoka mikate hakujitetea, na hilo ndilo lililowatia watu wote shaka. Alikaa akiyatazama mapaja yake, kisha akasema labda kuna mlio aliousikia akaupuuza, hakumbuki vizuri. Akaahidi kuja Jumamosi kulivuta gari lake na kurudisha chote alichopokea. Mama yake aliinuka, akakiondoa kikombe cha mwanawe kikiwa bado nusu, akaenda nacho jikoni. Mke wa fundi alilia njia nzima ya kurudi, na mumewe akambembeleza kwa kumwambia kwamba ndugu si lazima wawe waaminifu.

Wiki ile fundi alilala usingizi mzuri kabisa.

Jumamosi asubuhi, akingoja shemeji aje kulivuta gari, akaona asikae bure. Akalitoa dumu, akachovya brashi, akaanza kupaka nguzo za uzio. Ya kwanza ikatoka nyekundu. Akadhani ni jua. Akapaka ya pili, ya tatu, zote nyekundu, nyekundu ya kung'aa. Huyu ni mtu ambaye mteja akimletea sketi ya zambarau iliyochakaa humtafutia uzi wake bila kubahatisha, na sasa alisimama na brashi mkononi akiitazama rangi asiyotaka kuitambua. Oili iliyochoka ya injini ni nyeusi tititi. Nyekundu ni ya giaboksi.

Ndipo maneno yakamrudia. Siku ya kukabidhiwa funguo, shemeji yake alimwambia kwamba oili ya giaboksi ameibadilisha juzi tu, ile nyekundu, dada yake asije akahangaika, kwa hiyo asiiguse. Yeye wakati huo alikuwa akijitazama kwenye kioo cha pembeni. Basi aliikausha giaboksi kwa mkono wake, akaishindilia injini oili juu ya oili, na moshi wote ule ulikuwa wake.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Na tuseme kweli, wazo lake la kwanza halikuwa kuungama. Alichukua tambara akafuta. Alipaka udongo. Miti mikavu ilikuwa imeshakunywa, na udongo ukageuka tope jekundu. Akiwa hapo amepiga magoti, pikapu ikasimama getini. Mwoka mikate akashuka na kamba, na nyuma yake mama mkwe, ambaye alimwambia binti yake aliyetoka kuwapokea kwamba amekuja kuhakikisha kaka yake anakisafisha alichokichafua.

Angeweza kunyamaza. Gari lingevutwa, dumu lingetupwa, nani angeuliza habari za nguzo? Lakini mwoka mikate alikuwa ameshalala chini na shati lake safi, palepale lilipotandikwa gunia, akitafuta pa kufunga kamba. Miguu yake ilitokeza nje. Fundi akashindwa kuitazama.

"Shemeji, toka huko chini," akasema. "Giaboksi niliimwaga mimi. Nilidhani ni oili ya injini. Oili yako ile pale, kwenye nguzo."

Mkewe alijishika mdomo. Mama mkwe alizitazama nguzo moja baada ya nyingine. Mwoka mikate akatoka uvunguni, akaenda kwenye uzio, akagusa mti, akakitazama kidole chake chekundu. Fundi alingoja matusi. Aliyataka kwa moyo wote, maana tusi lingempunguzia mzigo.

"Wiki nzima namwomba mama msamaha," mwoka mikate akasema taratibu. "Mpaka mimi mwenyewe nikaamini nimekuibia."

Akaanza kuikunja kamba. Mama yake akamwendea, akamfuta udongo begani kwa upindo wa khanga, akamshika mkono wakaingia ndani. Kupitia dirishani fundi alimwona mama mkwe akimimina chai, akikijaza kikombe cha mwanawe pomoni, kisha akisimama karibu yake mpaka akaimaliza yote. Yeye alibaki mlangoni pa nyumba yake mwenyewe na mikono yake myekundu, akingoja mtu amwambie karibu.