Nakala ya Sunnyvale

Noreen Lindqvist aliiogopa kompyuta ya mumewe kwa sababu haikuwa na adabu. Hata gari bovu hupiga kelele kabla ya kufa. Hii ilikaa kimya ikingoja amri, na amri ikishaeleweka ilitekelezwa papo hapo, iwe ya busara au ya kichaa.

Asubuhi hiyo Curtis alipiga simu kutoka hotelini Las Vegas, kwenye maonyesho ya kompyuta. Diski aliyosafiri nayo ilikuwa imepindika ndani ya begi. Programu aliyoitolea jasho tangu aache kazi, ambayo kesho yake angewaonyesha wanunuzi, sasa ilikuwa imebaki kwenye diski moja tu, nyumbani Sunnyvale. Kaka yake, Verle, alikuwa njiani kuja kuichukua aiwahishe kwa ndege.

"Kabla hujampa Verle, tengeneza nakala," Curtis alisema. "Simwamini huyo. Ataikalia."

"Mimi? Curtis, usinitwishe mzigo huo."

"Nori, hata paka wetu angeweza! Diski yenye programu mpya tia kushoto, kwenye tundu la A. Ile yenye toleo la zamani, la Machi, tia kulia, kwenye B. Tunaandika juu yake. Taa ikiwaka, usiguse kitu."

Alizitia moja moja.

"Sasa andika amri ya kunakili. Kisha B, kisha A."

"B kwanza? Si mpya iko A?"

"Unaanza na unakokwenda. Miaka yote naandika hivyo."

"Kwenye ile mashine ya zamani. Hii uliyonunua Krismasi je?"

"Bibi wee, fundi ni nani hapa? Sijalala mimi. Andika!"

"Basi itaniuliza kwanza kama nina hakika?"

"Haiulizi."

Noreen akaandika, akabonyeza. Taa ya kulia ikawaka. Mashine ikakereza kama inatafuna mchanga, majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye skrini. Kisha ikawaka ya kushoto.

"Curtis, mbona imeanza kuwaka ya kulia?"

Curtis akadakia:

"Ipi?"

"Ya kulia. Ya Machi."

"Itoe ya kushoto! Inaandika juu ya ile mpya! Nori, itoe!"

"Taa inawaka! Umesema nisiguse!"

"Itoe!"

Alinyoosha mkono akashika kile kilango kidogo cha A, na taa ikazimika vidoleni mwake. Mashine ilikuwa imemaliza. Ikaandika kwa upole kwamba mafaili yote yamenakiliwa.

Curtis akamwelekeza amri ya kuorodhesha diski ya kushoto. Alizungumza taratibu mno, na upole huo ulimtisha Noreen kuliko makelele.

"Nisomee tarehe."

"Machi," akasoma. "Machi. Hii nayo Machi."

"Endelea."

"Zote, mpenzi. Zote ni Machi."

Alijikunyata akingoja matusi. Alitamani hata atukanwe, kwa kuwa kutukanwa angekuvumilia. Nyuma ya Curtis alisikia watu wakipita kwenye ukumbi wa hoteli, wakicheka na kuitana kwenda kula.

"Uliniuliza," Curtis akasema hatimaye. "Uliniuliza, Nori."