Safu Iliyobaki kwenye Fomu ya Profesa Doležel

Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa, Terezie alimsomea mumewe kurasa za kitabu chake alizomnakilia jana yake. Profesa Doležel alisikiliza amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila sentensi iliyompendeza, na zilimpendeza karibu zote. Siku hiyo walifika sura ya tisa, pale Dola ya Austria, inayowatawala Wacheki, inapofananishwa na nyumba ya kupanga iliyooza nguzo: itakapoanguka, kila taifa litarudi kwao. Mara mlango ukagongwa.

Alikuwa karani wa sensa, theluji imemjaa mabegani, amefuata fomu.

"Imebaki safu moja, Profesa. Lugha ya kila siku. Kwako umejaza Kicheki. Kwa Mama Profesa hapana kitu."

"Kicheki," alisema Profesa, macho bado kayafumba. "Nyumba nzima."

Terezie alizaliwa Vienna, lugha yake Kijerumani. Miaka ishirini na saba alikuwa Praha, na Kicheki chake bado kiliwachekesha wauza mboga.

"Ukijigonga kidole unatukana Kijerumani," alimwambia mumewe. "Hesabu zako unapiga kwa Kijerumani."

"Hayo ni mambo ya shuleni."

"Na mimi je, ni mambo ya shuleni?"

Karani akaanza kuzichunguza buti zake.

"Resi, tafadhali," alisema Profesa, akimwita mkewe kwa jina la nyumbani. "Wenzangu wakiona mke wa Doležel kaandikwa pamoja na Wajerumani, watanicheka mpaka Pasaka."

"Waache wacheke. Vitabu vyako hawavimalizi, angalau wapate cha kucheka."

Karani alikohoa kidogo. Profesa akafumbua macho.

Terezie aliziweka kurasa mezani. "Miaka minne nanakili kitabu hiki. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba watu wa kwetu ni wapangaji wakorofi. Nikanyamaza, kazi ni kazi. Ila hii ya kila taifa kurudi kwao, jana niliikodolea mpaka wino ukakauka kalamuni. Mimi nitarudi wapi, Hynek?"

Profesa alishika kalamu, akaandika Kijerumani kwenye ile safu, akamkabidhi karani fomu. Karani aliaga harakaharaka, akatoka.

"Nilitaka uandikwe Kicheki wasije wakakuhesabu pamoja na Wajerumani," Profesa alisema, akiutazama mlango. "Siku Dola ikianguka, usiwemo kwenye orodha ya wanaoondoka. Sitaki uondoke, Resi."