Farasi Mia Tatu wa Ngurumo

Mdogo wangu ni fundi mzuri, sikatai, lakini kipaji chake hasa ni kunipandisha presha. Siku ile alifika gerejini kwangu asubuhi akiwa amening'inia mlangoni mwa lori kama konda, mkewe kwenye usukani, yeye anapiga kelele mtaa mzima usikie: "Dada, washa mashine! Leo utakoma!" Jirani yangu anayeuza vipuri akatoka nje kuangalia kuna nini.

Watu wote wanamwita Ngurumo, hata mama yetu aliyemzaa, na jina hilo amelipata kihalali. Lori lile alikuwa amelichokonoa miezi na miezi. Tabo iliyokuja na lori kutoka kiwandani, ile inayoisukumia injini hewa, aliing'oa, akafunga nyingine kubwa. Nozeli mpya za kumwaga mafuta zaidi. Bomba la moshi pana mpaka paka anaweza kulala ndani. Likiwa limesimama tu, madirisha ya ofisi yangu yanatetemeka. "Lina farasi mia tatu," alikuwa akitangaza kila mahali, harusini, msibani, popote alipokuta watu wawili wamekaa.

Sasa mimi ndiyo kazi yangu, kuhesabu hao farasi. Gari linapanda juu ya rola mbili za chuma zilizozamishwa sakafuni, linafungwa mikanda mbele na nyuma lisije likaturukia, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, magurudumu ya nyuma yanazungusha rola, na kompyuta inaniambia injini ina nguvu za farasi wangapi. Gari linakimbia lakini haliendi popote. Na kelele zake sasa! Nimeona wanaume wazima wakitoka nje wakisingizia simu.

Ngurumo hakuja kujifurahisha tu. Lori lake linabeba mawe kutoka machimboni, linapanda mlima, linateremka upande wa pili mpaka kiwanda cha saruji. Lilikuwa linavuta tela dogo. Yeye alitaka tela kubwa, na mwenye machimbo alimwambia wazi: lete cheti cha farasi mia tatu, kilichosainiwa na gereji inayoeleweka. Na gereji inayoeleweka, kwa bahati yangu mbaya, ni ya dada yake.

Anayeendesha ni wifi yangu. Alikuwa dereva wa malori kabla hajaolewa, na leseni ya magari makubwa ni yake. Ngurumo kuendesha kwake ni kutoka gerejini mpaka dukani na kurudi, kusikiliza injini. Kwa hiyo wifi ndiye aliyebaki kwenye usukani, mimi nikafunga mikanda, nikavaa viziba masikio, nikamwonyesha dole gumba.

Akakanyaga. Lori likanguruma, vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati, namba ikaja kwenye skrini: mia tatu na nane.

Lo! Ngurumo aliruka, akavua koti, akanikumbatia na grisi yake yote. Akampigia Mama simu, akampigia mwenye machimbo, akagonga mlango wa lori kwa kiganja. "Mke wangu! Jumatatu tunafunga tela kubwa! Jumatatu hii hii!"  Wifi alikuwa anafuta usukani kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyebaki peke yake.

"Shusha pumzi," nikamwambia Ngurumo. "Namba moja si namba." Mimi sitoi cheti mpaka nipate namba tatu zinazokubaliana. Mteja akilia, akicheka, ni tatu. Ndiyo maana cheti changu kinaaminika.

Tukarudia. Mia mbili sabini na moja.

"Hee!" akasema Ngurumo.

Tukarudia tena. Mia mbili themanini na tisa.

"Mashine yako mbovu," akasema.

"Mashine yangu mbovu? Dakika kumi zilizopita ulikuwa unaibusu!"

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda segemnege. Nikakagua matairi, moja halina upepo wa kutosha. Nikalijaza. Nikakagua mikanda, mmoja umelegea. Nikaukaza mpaka viganja vikawaka. Nikasogeza feni karibu na rejeta ili injini isichemke. Kisha nikakumbuka kipima joto cha hewa, kile kidude kidogo kinachoning'inia ukutani, ambacho kompyuta inakisoma ili irekebishe hesabu zake. Nikageuka kukitazama. Sikukiona. Nilichoona ni koti la Ngurumo.

"Wewe! Umetundika koti lako wapi?"

"Si kuna msumari?"

"Huo si msumari! Hicho ndicho kinachoiambia kompyuta hewa ina joto kiasi gani! Umekifunika kwa koti lililojaa jasho, kompyuta inadhani tuko kwenye tanuri, inakuongezea farasi wa bure!"

"Kwa hiyo koti langu lina nguvu kuliko mashine yako," akasema, na akacheka peke yake. Nilitamani kumfunga yeye ile mikanda.

Nikatoa koti, nikasubiri hewa itulie. Mia mbili sitini na nne. Halafu mia mbili tisini na sita. Halafu mia mbili themanini. Jamani! Farasi wanaingia na kutoka kama wageni wa hotelini. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikalala chali chini ya rola na tochi mdomoni. Kila kitu kizima. Shati limenigandia mgongoni, kichwa kinagonga, na Ngurumo yuko juu yangu anahutubia.

"Unajua tatizo lako, dada? Hutaki nitoke. Tangu tukiwa wadogo."

"Tangu tukiwa wadogo nakufulia wewe!"

Simu ikalia. Mama. Nilijua tu. "Mwanangu," akaanza na ile sauti yake ya upole inayonimaliza, "hivi ukimpa mdogo wako hizo mia tatu utapungukiwa nini?"

"Mama, siyo za kwangu. Ni za lori."

"Si mashine ni yako?"

Nikasema nampenda, nikakata. Nikaenda kukaa mbele ya skrini nivitazame vile vipimo vyote kwa pamoja, mstari juu ya mstari, nikiwa nimebakiwa na uvumilivu kidogo sana. Na hapo ndipo nilipoona. Kila mstari ulikuwa unapanda vizuri, umenyooka, kisha ghafla unapinda na kushuka. Lakini haukuwa unapinda mahali pamoja. Mmoja umepinda mapema, mwingine umechelewa, mwingine katikati. Ubovu wa mashine hauna tabia hiyo. Tabo ikiwa mbovu, inagoma palepale kila siku. Kinachopinda popote kinapojisikia ni mguu wa mtu.

Nilimtazama wifi kupitia kioo cha lori. Alinitazama. Akashusha macho.

"Ngurumo," nikasema, "mikanda hii imechoka. Nenda kwa jirani kaazime mipya. Chagua vizuri, usilete takataka." Akatoka huku anasonya. Jirani yule ni domo kaya, nilijua atamshika kidogo.

Nikapanda kwenye ngazi ya lori, nikaegemea dirishani. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka hapa. "Wifi, mimi nimelala chini ya chuma na tochi mdomoni kama mjinga. Unaachia mafuta kwa nini?"

Hakujifanya hamnazo. "Ya kwanza sikuachia," akasema. "Nilikanyaga mpaka chini. Nilikuwa nataka kujua kweli linazo. Halafu akasema Jumatatu."

"Sasa?"

"Sasa kupanda linapanda, wifi. Linapanda mpaka raha. Lakini ule mlima una upande wa pili." Alisema bila kupandisha sauti, macho kwenye usukani. Akanieleza jinsi mteremko unavyokaa, kona tatu zinazofuatana, korongo mkono wa kushoto, na mawe yanavyokusukuma kutoka nyuma. Kwamba na tela dogo tu breki zinatoa moshi kwenye kona ya pili. Kwamba ameshajua harufu yake.

"Umemwambia?"

"Nilimwambia. Nikamwambia breki hazitoshi. Akakaa, akafikiri, akaenda kununua tabo kubwa zaidi."

Sikujua nicheke au nipige kitu. Ndugu yangu huyo, damu yangu kabisa! Unamwambia lori halisimami, yeye analiongezea mbio.

"Andika mia mbili themanini," wifi akasema. "Umeiona mwenyewe kwenye skrini. Hutakuwa umedanganya."

 Mimi mashine yangu haipimi breki, inapima nguvu tu, na nguvu zilikuwepo, mia tatu na kidogo, halali, za jasho la mdogo wangu. Sijawahi kusaini namba ninayojua si ya kweli. Lakini pia sijawahi kuwa na cheti kinachoweza kumpeleka wifi yangu korongoni. Nilikaa pale dirishani nikiwa nimekasirikia watu wote, yeye, mumewe, mwenye machimbo na farasi wao.

"Nikiandika hiyo," nikamwambia, "atafunga nozeli kubwa zaidi na mwezi ujao mtarudi. Wewe utaachia mguu, mimi nitalala chini na tochi. Mpaka lini?"

 Na Ngurumo huyo, anakuja na mikanda begani.

"Shuka, wifi," nikasema kwa sauti. "Umechoka. Mwenye lori apande mwenyewe."

Ngurumo akasimama. "Mimi?"

"Wewe. Si unasema mashine mbovu? Kanyaga mwenyewe, tuone."

"Hata sasa hivi!" akasema, kifua mbele. Akapanda, akarekebisha kiti, akarekebisha kioo cha pembeni, sijui alitaka kuona nini nyuma wakati gari haliendi popote. Nikafunga mikanda mipya. Wifi akaja kusimama kando yangu, mikono kifuani.

Injini ikapanda. Ikafika pale ambapo sauti inabadilika, tabo inaanza kupiga mluzi na lori zima linajivuta kwenye mikanda likitaka kutoka. Ukiwa nje unaziba masikio tu. Ukiwa ndani unahisi kila nati chini ya makalio yako. Na palepale, pap, sauti ikafa. Rola zikaendelea kuzunguka zenyewe kwa uvivu.

"Mia mbili na kumi na nne," nikasoma.

"Lilipotoka kiwandani lilikuwa na ngapi?" wifi akaniuliza kwa upole. Alikuwa anajua, wala msinidanganye.

"Mia mbili ishirini."

Ngurumo akatoa kichwa dirishani. Alikuwa ametoka jasho juu ya mdomo. "Mguu umeteleza," akasema. "Kiti hiki kimekaa vibaya. Hebu narudia." Akarudia. Mia moja tisini na nane. Safari hii hakutoa sababu.

Wifi akapanda ngazi, akafungua mlango. "Sogea," akamwambia. Ngurumo akataka kushuka upande wa pili, wifi akatikisa kichwa. "Hapana. Kaa hapo hapo."

Akafunga mkanda, akavuta kiti mbele, akaniangalia. Dole gumba lilikuwa lake safari hii. Halafu akakanyaga, na hakuachia. Mluzi wa tabo ukapanda mpaka ukawa kitu kingine, mabati yakalia, nami kupitia kioo nikawaona wote wawili: wifi ametulia, uso wa mtu anayesubiri foleni, na mdogo wangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili, mdomo wazi, akisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mia tatu na tisa. Nikamwonyesha vidole viwili, bado mbili. Akarudia bila kumpa mumewe nafasi ya kufungua mlango. Mia tatu na saba. Mia tatu na kumi. Namba tatu zimekaa pamoja kama ndugu, na baada ya mateso yale yote karibu nizipigie makofi.

Akazima injini. Nikaenda dirishani upande wa Ngurumo.

"Haya, hongera," nikamwambia. "Umezipata, na ni za kweli kabisa. Naandika cheti?"

Hakuniangalia. Skrini hakuitazama. Mikono yake ilikuwa bado kwenye dashibodi, na alikuwa amemgeukia mkewe.

"Kwenye ule mteremko," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Na tela kubwa. Itakuwaje?"

"Na tela kubwa sijui," wifi akasema. "Na hili dogo huwa nateremka ninalia."