Réseau ya Papa Jérôme

Darasa langu la Kiingereza lilijaa watu, na wote walikuwa mabubu. Si mabubu wa kuzaliwa. Kwenye ngazi, kabla sijafungua mlango, walikuwa wakipiga soga na kuchekeana mpaka jirani wa chini anagonga ukuta. Wakishakaa tu, kimya. Nikiuliza swali, macho yote yanakwenda kwa Papa Jérôme, aliyekaa kiti cha mbele na tai yake shingoni, naye anatabasamu: "Bon, tuache batoto baanze." Watoto wenyewe wana mvi, na hawaanzi.

Mimi ni Lukman, mtu wa Tanga. Nimefundisha Kiingereza tangu sijaota ndevu, kisha nikamfuata mke wangu Brussels, na tangu hapo siku za kazi napanga maboksi ghalani. Jumamosi asubuhi tu, katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Saint-Gilles, ndipo watu wananiita mwalimu. Ndiyo maana Bieke, msimamizi wa vyumba vya chama chenye nyumba hiyo, alipokuja kututembelea, nilivaa shati jipya.

Bieke ni mama mpole. Alimwuliza kila mmoja, kwa Kiingereza chepesi kabisa, anakaa wapi na anafanya kazi gani. Wakamtazama Papa Jérôme. Papa Jérôme akautazama ubao. Bieke akanivuta kwenye korido.

"Lukman, hawa wana mwaka mzima hapa," alisema kwa Kifaransa. "Nitarudi Jumamosi ijayo. Wasipozungumza, chumba nitawapa watu wa yoga."

Yoga! Masikio yaliniwaka moto. Nyumba nzima ya vyumba, na changu ndicho wapewe watu wanaokuja kunyamaza makusudi!

Nikasubiri Papa Jérôme aondoke, maana hata kutoka hutangulia yeye, kisha nikafunga mlango. "Jamani, nimewakosea nini? Mbona mnaniua mchana kweupe?"

Walitazamana. Aliyejibu ni Maman Mathilde, anayehudumia wazee majumbani.

"Prof, usikasirike. Papa Jérôme alikuwaka directeur yetu ya shule kule Bukavu. Kaka Patient huyu, alimupigaka fimbo. Sasa nani ataongea mbele yake? Mutoto akikosa, ni haya yake. Lakini akisema muzuri, na papa hajui? Ile ni kumuvua papa nguo mbele ya bantu."

"Alors, umuambie papa asikuje ile siku," alisema Patient, jitu la miraba minne linaloendesha lori, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu.

Nikakataa. Mzee hafichwi kama sufuria iliyoungua. Tena mchawi wetu nilikuwa nimeshamwona, ni mimi na adabu zangu za pwani. Nani alimpa kiti cha mbele? Nani alianza kila swali na "Papa kwanza"? Basi aliyelifunga fundo ndiye atakayelifungua, nilijiapiza, na yoga wataisikia kwa jirani.

Mkono mtupu haulambwi. Nilipitia maduka ya Waafrika ya Porte de Namur nikanunua nanasi, nikaenda nalo Ganshoren, mtaa uliotulia mpaka unaona haya kupiga chafya. Papa Jérôme alinifungulia mlango akiwa amevaa tai, peke yake ndani ya nyumba. Kabla sijakaa, simu yake ikaita. Akaniomba radhi, akapokea.

"Babu!" Ilikuwa sauti ya mtoto, na Kiingereza chake kilikwenda mbio. Alikuwa amecheza mpira, amefunga, kocha amembeba mabegani, na je, Babu atakuja lini Leeds?

Papa Jérôme aliishika simu mbali na uso wake. "Allô? Allô? Réseau! Réseau haiko muzuri!" Akaulaumu mtandao, akakata.

Nilibaki nimesimama na nanasi langu.

"Réseau ya Ganshoren, mwalimu," alisema bila kunitazama. "Ni problème kila siku."

"Papa, mimi nimesikia kila neno."

Alikaa chini. Akaivuta tai yake, akailegeza kidogo. Kisha akauliza polepole, "Aaron, mujukuu yangu, amesema nini?"

"Amefunga magoli. Mawili."

"Deux?" Uso wake ulifunguka, kisha ukajifunga tena. "Mama yake, Nathalie, hakumufundishaka Kiswahili, wala Français. Anaita, anaita, na miye ninakata. Nifanye nini? Maisha yangu yote nilikuwa directeur. Hakuna muntu alinisikiaka nikikosa."

Nilimwonea huruma, lakini huruma haifundishi Kiingereza. Nikalitua nanasi mezani.

"Basi Jumamosi nataka ukosee, Papa. Mbele ya watu wote. Usipokosea wewe, hakuna atakayefungua kinywa, na darasa litafungwa. Goli la tatu utatafsiriwa na nani?"

Akanisindikiza mpaka mlangoni. Hata karibu tena hakusema. Nilirudi nyumbani nikijua nimemvunjia heshima mtu mzima nyumbani kwake, na kwamba ningerudia tena.

Jumamosi Bieke alikaa nyuma, faili mapajani. Papa Jérôme aliingia wa mwisho. Hakukaa kiti cha mbele. Alikipita, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, akaiweka simu yake juu, akaongeza sauti, akapiga.

"Babu?"

Papa Jérôme akaanza. Kiingereza chake kilichechemea, kikaanguka, kikajikongoja. Alitaka kuuliza habari za magoli, likamtoka neno lisilohusiana kabisa na mpira.

"Sijaelewa, Babu," alisema mtoto.

Chumba kizima kiliganda. Niliuona mkono wa mzee ukiifuata simu, na midomo yake ikijiandaa kusema neno lile la Ganshoren. Hapo Patient, kutoka mstari wa pili, akainama mbele na kumnong'oneza neno lililotakiwa.

Papa Jérôme akageuka. Akamtazama jicho la directeur, jicho la Bukavu, na jitu zima likasinyaa kitini.

"Merci, Patient," alisema. Akalirudia neno lile kwenye simu.

"Aaa, magoli!" mtoto akapiga kelele. "Leo matatu!"

Maman Mathilde hakuweza kujizuia. Aliruka, akamsalimia mtoto kwa Kiingereza kilichojaa mashimo. Mignonne, aliyekuwa hajasema neno tangu ajiunge, akataka kujua kama anakula vizuri huko Leeds. Patient akauliza ni timu gani. Wakaongea wote kwa pamoja, wakikosea na kusahihishana. Bieke aliuliza kitu, hakuna aliyemsikia, akafunga faili lake akicheka na kuniambia sikioni kwamba watu wa yoga atawatafutia kwingine.

"Babu," mtoto akasema kelele zilipopungua, "leo mtandao wako mzuri."

Papa Jérôme alifuta jasho. Akajibu kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie.

"Mtandao ulikuwa mzuri siku zote, Aaron. Babu ndiye aliyekuwa anaogopa."

Ilikuwa na makosa, sentensi ile. Hata Patient hakuyagusa.