Jino la Mwisho la Bibi

Jino la mwisho la bibi lilianguka Jumatatu, katika mapambano na mfupa wa kuku. Kesho yake aliniita chumbani kwake, akafungua leso kwa heshima zote za msiba.

"Mume wangu, hili nimeishi nalo miaka sabini. Hata babu yako hakunivumilia hivyo. Nataka nilivae shingoni, lionekane kama limo ndani ya maji."

"Usimpe huyo!" mama alidakia kutoka jikoni. "Juzi tu karudishwa kutoka bweni kwa kugandisha ndala za kiranja sakafuni kwa gundi!"

Ni kweli, na nakiri bila majivuno kwamba walizing'oa pamoja na kipande cha saruji. Lakini jino lilikuwa moja, na hakuna duka la kununua jingine. Nikaapa kwamba safari hii sitakosea.

Muuza vifaa aliniwekea mezani aina mbili za epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu na angavu kama kioo: inayoganda kwa dakika tano na inayoganda kwa siku tatu.

"Ya haraka ni ya kubandikia," alisema. "Ukiimimina nene, itachemka kama uji."

Nilidhani ananisukumia ya ghali. Nikanunua zote mbili, nikaanza majaribio kwa punje za mahindi, maana zinafanana na jino kwa rangi na kwa ukaidi.

Ya haraka ilipata moto hadi kikombe cha plastiki kikajikunja. Punje ilizama katika mapovu ya manjano. Bibi akachungulia.

"Ndicho nitakachovaa hicho? Bora nivae kikombe."

Nikahamia ya taratibu. Nilipima kwa kijiko, viwili vya epoksi na kimoja cha dawa ya kugandisha. Siku tatu baadaye bado ilinata. Nikasoma kibandiko upya, safari hii hadi mwisho: vipimo ni vya uzito. Nikaazima mizani ya jikoni, nikaivika mfuko mama asije akanivika mimi. Ikaganda vizuri, ila viputo viliing'ang'ania punje kama kupe. Jaribio la nne, niliipaka punje epoksi kidogo kwanza, nikaiacha ishike, ndipo nikamimina. Haikubaki hata kiputo kimoja.

Sasa zamu ya jino. Nililipaka, nikamimina epoksi kikombeni, nikalifunika kwa bakuli, nikakaa kulilinda dhidi ya vumbi na dhidi ya mwenye jino.

"Limeshika?"

"Bado, bibi."

"Na sasa?"

"Bibi, kuota kwenyewe lilichukua miezi!"

Siku ya tatu nililitoa. Lilikuwa angavu kama hewa. Bibi alilipeleka dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Lina tundu," alisema.

"Si kiputo, bibi! Nimehakikisha!"

"Najua si kiputo. Hili ndilo tundu ambalo daktari wa meno alilisema, nikamwita mwongo mbele ya watu."

"Nilipake rangi kidogo?"

"Thubutu!"

Akalifunga uzi, akalivaa, akaugeuzia upande wenye tundu kifuani, akatoka kwenda kumwonyesha jirani.